Nikishuka jukwaani, yeye hashuki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamuziki, nina mke na binti wa miaka sita. Jina langu la kisanii nikilitaja hapa wengi watanijua, kwa hiyo naomba tumwite Jabari.

Jabari ni mtu wa kelele. Anavaa miwani myeusi hata usiku wa manane, mikufu imejaa shingoni, anatembea kifua mbele, anawatupia wapinzani vijembe, anajisifia pesa na wanawake, na kila kiitikio kikiisha anapiga ukelele wake: "Nani kama mimi?" Umati unaitikia mpaka sakafu inatetemeka. Mimi mwenyewe sina hata kimoja katika hivyo. Tangu shuleni nilikuwa mtu wa kukaa nyuma darasani. Wageni wakijaa sebuleni najifanya naenda kuosha vyombo ili nipate kupumua. Sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu, na raha yangu kubwa ni kukaa chumbani na gitaa, mlango umefungwa.

Jabari alizaliwa siku niliyoganda. Ilikuwa shoo yangu ya kwanza mbele ya watu wengi. Biti ikapita nikakosa pa kuingilia, ikarudiwa, nikakosa tena. Mpiga gitaa wetu akanivisha miwani yake na kuninong'oneza nijifanye mtu mwingine. Nikatanua mabega, nikaanza kujigamba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwangu, na watu wakalipuka. Toka siku hiyo familia yangu inakula kwa jasho la Jabari.

Sasa amekuwa kama mgeni aliyeomba hifadhi ya usiku mmoja, kisha akaleta na kitanda chake. Meneja hataki nionekane popote bila Jabari, iwe sokoni, iwe uwanja wa ndege, iwe kwenye simu ya shabiki. Mke wangu hatakiwi kutokea kwenye ukurasa wangu, eti mashabiki wa kike watapoa. Hilo alilikubali kwa shingo upande. Lakini juzi alinikumbusha kuhusu kikao cha wazazi, nikamgeukia nikasema, "Unajua unaongea na nani?" Shangazi, huo ni mstari wa wimbo wangu, na hata kidole nilikinyoosha vile vile kama kwenye video. Binti yetu alikuwa mezani anapaka rangi kwenye daftari. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupaka pale pale mpaka karatasi ikatoboka.

Halafu kuna la msiba. Mjomba wangu, aliyenilea, alifariki. Tulipomaliza kuzika, vijana wakanizunguka wakitaka selfi, na mmoja akaniambia, "Piga ile yako, kaka." Nikapiga. Udongo wa kaburi bado uko kwenye viatu vyangu, nikapiga "Nani kama mimi?" na wakashangilia. Nilipogeuka nikakutana na macho ya mama. Hajanitajia jambo hilo mpaka leo, na mimi sijui nianzie wapi.

Nikuambie pia kinachonifanya nishindwe kumuacha. Promota mmoja alitaka kutudhulumu malipo yetu. Mimi nilikuwa tayari nimeshaaga, nimekata tamaa. Kwenye korido nikavaa miwani, nikarudi ofisini kwake nikiwa Jabari, na nikatoka na pesa za bendi nzima. Mimi kama mimi nisingeweza. Nikimuua, nani atanitetea?

Isitoshe, zamani alikuja kwa miwani tu. Siku hizi anahitaji glasi mbili tatu kabla ya kupanda jukwaani.

Lebo imeniletea mkataba wa albamu mpya, na kuna kifungu kinachonitaka nidumishe "taswira ya msanii" hadharani muda wote. Meneja anasema nisaini kabla ya mwisho wa mwezi. Shangazi, je, mimi ni mnafiki? Nimuue Jabari, au niache muziki kabisa?

Mwanao,
Mkimya wa Jukwaani

---

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mjomba.

Nianze na unafiki, maana naona ndio unaokunyima usingizi, ilhali sio tatizo lako. Aliyelipa kiingilio anajua amekuja kutazama onyesho. Anataka Jabari, unampa Jabari, mnaachana salama. Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika katika miaka ya 1950 kwamba sisi sote tunaishi hivyo: tunayo sura ya mbele ya watu, na tunapo mahali pa nyuma ya pazia ambapo tunaivua na kupumzika. Mwalimu mkali darasani si lazima awe mkali kwa watoto wake, na hakuna anayemwita mwongo. Kwa hiyo kuvaa sura si dhambi. Kinachokuumiza ni kwamba umenyang'anywa mahali pa kuivulia. Meneja amechukua soko, uwanja wa ndege na simu yako. Makaburini ulipatoa mwenyewe. Nyumbani ndiko kulikobaki, na Jabari ameshaingiza mguu.

Hata ile miwani usiionee haya. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia watu waliotakiwa kutoa hotuba bila kuandaliwa vya kutosha. Waliojisemesha moyoni kwa kutumia majina yao, badala ya kusema "mimi", walihimili woga vizuri zaidi na hata hotuba zao zilikuwa bora. Mwaka 2017 Rachel White na wenzake wakaonyesha jambo la kufanana kwa watoto wa miaka minne na sita: waliojifanya Batman, yule shujaa wa katuni na filamu, walivumilia kazi ya kuchosha kwa muda mrefu kuliko wenzao, hata pale mchezo wa kuvutia ulipowekwa karibu yao. Yaani kujitenga kidogo na nafsi yako unapoogopa kunasaidia kweli. Mpiga gitaa wenu alikufanyia jambo la busara usiku ule, na ningependa umwambie hivyo kama bado mko pamoja.

Lakini soma tena ulichoniandikia kuhusu promota. Unasema Jabari ndiye aliyedai pesa. Mwanangu, nani alijua kiasi mlichokubaliana? Nani aliwakumbuka wenzake wa bendi wanaosubiri nje? Jabari unayenieleza hajui kuwahurumia watu, anajua kujisifu tu. Aliyerudi kwenye ile korido ni kijana aliyeona wenzake wanadhulumiwa, akaazima kifua cha kutolea sauti. Haki ile uliidai wewe. Kwa kuwa umezoea kumpa Jabari sifa ya kila jambo la ujasiri, umebaki unajiona mtu wa kuosha vyombo tu, na hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Mtu akiamini kwamba nguvu zake zote ziko kwa mwingine, atamwita huyo mwingine kila anapobanwa. Mkeo alipokukumbusha kikao ulijisikia umebanwa, pengine una hatia kidogo kwa vikao ulivyokosa, ukamwita. Akaja na kidole chake.

Ndiyo maana sikushauri umuue. Wasanii wakubwa wamewahi kuwaua wahusika wao, na inafaa kuangalia walivyofanya. David Bowie, mwanamuziki wa Uingereza aliyezaliwa David Jones, alimtangulia Jabari wako kwa nusu karne. Mhusika wake Ziggy Stardust alimpa umaarufu mwaka 1972, kisha akaanza kummeza mpaka mwenyewe akawa haoni mpaka kati yao. Tarehe 3 Julai 1973, mwishoni mwa onyesho jijini London, akatangaza kwamba hiyo ndiyo shoo ya mwisho. Baadhi ya wanamuziki waliokuwa naye jukwaani palepale hawakuwa na habari. Ziggy akafa, lakini kabla ya miaka mitatu kuisha akawa amevaa mhusika mwingine, Thin White Duke, mtu baridi asiye na huruma, katika kipindi ambacho kokeini ilikuwa inammaliza. Alipona baadaye, alipobadili mazingira na namna ya kuishi. Kifo cha yule wa kwanza hakikumponya.

Beyoncé yeye alikuwa na Sasha Fierce, akampa hadi albamu mwaka 2008. Mwaka 2010 akasema hamhitaji tena, kwa sababu amekua na sasa anaweza kuwaunganisha wote wawili. Huyo hakumkimbia mhusika wake. Alijifunza kufanya kwa jina lake kile alichokuwa anamwachia Sasha, na mwisho Sasha akabaki hana kazi. Njia hiyo ndiyo ninayoitaka kwako, na inaanzia kwenye mambo madogo sana. Wiki hii mkatalie mtu jambo moja bila miwani. Mwambie meneja kwamba kuanzia sasa hapokelewi simu wakati wa chakula cha jioni na familia. Sauti itakutetemeka, iache itetemeke. Mdai prodyuza anayechelewesha wimbo wako kwa sauti yako hiyo hiyo ya chini. Utashangaa ni wangapi watakuitikia.

Wakati unajenga hilo, Jabari anahitaji mlango. Alice Cooper, mwanamuziki wa kiume wa roki wa Marekani ambaye alizaliwa Vincent Furnier, kwa miongo mingi amepanda jukwaani na kujifanya anakatwa kichwa, na akishuka ni mume, ni baba, ni mcheza gofu. Anapozungumza kuhusu Alice husema "yeye". Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970 alidhani lazima awe Alice saa zote, na pombe ikakaribia kumwua. Aliiacha katika miaka ya 1980, na tangu hapo amekuwa akieleza kwamba Alice anaishi jukwaani tu.

Mlango wako uwe kitu cha kushikika. Miwani na mikufu viwe na begi lake, na begi hilo lisivuke kizingiti cha nyumba yako. Libaki studio au kwa mtu wa bendi. Mkiwa njiani kurudi, wenzako wakuite kwa jina ulilopewa na wazazi wako. Tena usitoke jukwaani ukaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo ya nyumbani, kwa sababu mwili hauzimi pamoja na spika. Moyo bado unakwenda mbio, adrenalini bado iko kwenye damu, na neno la kawaida la mke linaweza kusikika kama kelele za mpinzani. Kaa garini kimya kwanza, oga, badilisha nguo, kunywa maji. Mambo ya ada na vikao yasubiri asubuhi, na mkeo ajue kwamba mmekubaliana hivyo, asidhani unamkwepa.

Ila usimkabidhi mkeo kazi ya kumlinda Jabari mlangoni. Nimeona wanaume wakisema "ukiniona nimekuwa vile, niambie", halafu akiambiwa anakasirika zaidi. Hiyo ni kazi yako. Yeye umwombe radhi kwa lile neno, na umwombe huku binti yako anasikia, kisha umwambie naye kwa maneno ambayo mtoto wa miaka sita anaelewa: "Siku ile nilimjibu mama vibaya. Nilikosea. Haikuwa kosa lake wala lako." Usimwambie kwamba ni Jabari aliyesema. Mtoto akishaelezwa kwamba ndani ya baba kuna mtu mwingine mkali asiyezuilika, atakuwa anamsubiri.

Hapo niseme jambo ambalo huenda hukulitarajia. Umeniandikia kwamba Jabari anajisifia wanawake, ukapita haraka. Kujigamba kuhusu pesa na kipaji ni mchezo wa zamani katika muziki na ushairi, watu wanauelewa, na binafsi nauona una raha yake. Mstari unaomfanya mwanamke kuwa kitu cha kuhesabiwa ni habari nyingine, kwa sababu msikilizaji wa miaka kumi na minne haoni miwani, anasikia mtu anayempenda akimfundisha. Na kalamu unaishika wewe mkimya, chumbani, mlango umefungwa. Kwenye jukwaa unaweza kusema ni mhusika. Ukiwa unaandika, hakuna mhusika. Pitia nyimbo za albamu hii mpya, na kila mstari ambao usingeweza kumweleza binti yako akiwa na miaka kumi na minane, ufute. Mashabiki hawatakukimbia kwa mistari michache. Wanaitikia ukelele, wanaitikia biti, wanaitikia nguvu.

Ningependa pia albamu hiyo iwe na wimbo mmoja uliopigwa kwa lile gitaa la chumbani, bila ukelele. Usiutangaze kama mapinduzi. Uweke tu katikati ya orodha uone unavyojisikia kuuimba mbele ya watu.

Glasi sasa. Hizo zinanitisha, na natamani ungezitaja juu kabisa ya barua badala ya kuzificha karibu na mwisho. Pombe huzoeleka. Kazi inayofanywa leo na glasi tatu, mwakani itataka zaidi, na Jabari anayeletwa na pombe ndiye yule yule asiyesikia anapoambiwa arudi. Panda jukwaani bila kunywa, kwanza kwenye shoo ndogo, mpiga gitaa wako akiwa anajua. Tumia miwani, tumia kupumua polepole, na ujiite kwa jina lako kama wale wa majaribio. Ukiona huwezi kabisa kupanda bila kunywa, au glasi zimeanza kukufuata hata siku zisizo na shoo, nenda kwa daktari mapema na umweleze kila kitu. Kama umefika mahali unakunywa kila siku, usikatishe ghafla peke yako kabla hajakuona, maana mwili uliozoea unaweza kuzidiwa vibaya.

Kwa mama yako nenda peke yako, bila zawadi na bila simu mfukoni. Usianze kwa kueleza kazi ya msanii. Mwambie, "Mama, nililofanya makaburini lilikuwa kosa, na nimeona aibu tangu siku ile." Kisha nyamaza umwache aseme, hata kama atasema kwa muda mrefu, hata kama atalia. Yule ni ndugu yake. Akimaliza, mwombe akusimulie habari za mjomba, kwani nahisi na wewe hujapata nafasi ya kumlilia. Siku aliyozikwa ulikuwa kazini.

Kuacha muziki sioni sababu yoyote. Mtu anayejifungia na gitaa kwa raha tu, hata bila mtu wa kumsikiliza, huyo ni mwanamuziki hasa.

Nimeuacha mkataba mwisho kwa sababu ndio wenye tarehe. Mwanamuziki wa Marekani Prince alipogombana na kampuni yake ya rekodi, Warner Bros., mwaka 1993 aliliacha jina lake mwenyewe, alilopewa na wazazi, akatumia alama isiyotamkika. Alilirudia mwaka 2000, mkataba wake wa haki za nyimbo ulipomalizika. Ikiwa msanii mwenye nguvu kama yule aliweza kufikishwa mahali pa kuishi miaka saba bila jina, wewe usisaini kwa kuharakishwa. Tafuta mwanasheria wako, unayemlipa wewe, asiwe wa lebo wala rafiki wa meneja. Muulize jina la Jabari litakuwa mali ya nani mkataba ukiisha, na nini kitatokea ukitaka kulibadilisha au kuliacha. Kile kifungu cha "muda wote" kiandikwe upya: Jabari jukwaani, kwenye video, na kwenye mahojiano mliyokubaliana kwa maandishi. Misiba, shule ya mtoto, ibada na nyumbani visiguswe, na picha za familia yako ziwe uamuzi wenu wewe na mkeo, ikiwemo kuziweka hadharani mkitaka. Nenda kwenye kikao hicho bila miwani, na mwanasheria akae upande wako wa meza. Wakikataa kukirekebisha kifungu hicho, usisaini, hata kama mwezi unaisha kesho.

Shangazi